Joto la Nyuma ya Tangi

Duka langu la maziwa liko Bariadi, upande wa barabara ya kwenda Lamadi, na kitu chenye thamani kuliko vyote ndani yake mteja hakioni. Anaona kaunta, anaona friza la soda, anaona tangi la kupozea maziwa lililosuguliwa mpaka linang'aa. Nyuma ya tangi hafiki. Huko kuna kompresa inayonguruma mchana kutwa, na kwenye kompresa linatoka bomba la shaba ambalo ukiligusa bila kujiandaa utaruka. Maziwa yanapopoa tangini, joto lake haliendi mbinguni. Linafukuzwa kwa mlango wa nyuma, na linatoka kali kuliko lilivyoingia. Mimi nililijua joto hilo kabla ya mtu yeyote wa ukoo wetu kwenda kulisomea.

Nililijua kwa sababu ya mgando. Bariadi kuna joto, lakini mwezi wa sita na wa saba, pamba ikishavunwa, upepo wa asubuhi unakuwa mkavu na baridi inaingia hadi kwenye vyungu. Maziwa uliyoyatia chachu jioni unayakuta asubuhi yamekaa vilevile, yanakutazama. Wenzangu wa sokoni walikuwa wanafunga ndoo zao kwa blanketi na kumwomba Mungu. Mimi nilizipanga zangu nyuma ya tangi, karibu na lile bomba lakini si karibu mno, nikazifunika kwa magunia. Asubuhi kijiko kilisimama katikati ya ndoo bila kushikwa. Walimu walikuja, manesi walikuja, madereva wa bodaboda walikunywa wakiwa juu ya pikipiki zao. Walioniuliza naweka nini niliwajibu naweka heshima. Maziwa mabichi ya tangi faida yake ilikuwa inaishia kwenye umeme na mafuta ya pikipiki ya kuyakusanya. Mgando ndio uliokuwa unanilisha mimi na wanangu.

Sasa nimtaje mdogo wangu wa kiume, maana bila yeye nisingekuwa na kisa, ningekuwa na duka tu.

Alinifuata kuzaliwa. Nilimbeba mgongoni mpaka miguu yake ikawa inaburuta. Nilifaulu darasa la saba. Naliandika hapa kwa sababu sijui mtu mwingine atakayeliandika. Yeye alifaulu vilevile miaka michache baadaye, na kati ya kufaulu kwangu na kufaulu kwake kuna tofauti moja tu, kwamba mimi niliposwa. Ng'ombe wa mahari walifika nyumbani Mwamanyili wakiwa wametembezwa siku kadhaa kutoka upande wa Malampaka, vumbi limewajaa mpaka kwenye kope. Nawakumbuka kwa rangi zao. Alikuwepo mmoja mwekundu mwenye paji jeupe, na wa kijivu ambaye pembe yake moja ilielekea chini.

Kwetu ng'ombe walioingia kwa binti hutumika kumwolea kaka yake. Hilo nililijua tangu utoto na silalamikii. Lakini baba hakuwatumia kuoa. Aliwapeleka mnadani mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alipouzwa mdogo wangu alisogea mbele kidogo kwenye chuo cha ufundi Mwanza, akijifunza majokofu na viyoyozi. Siku ya kuhitimu alipiga picha na baba. Picha hiyo iko ukutani kwa baba mpaka leo, na ndani yake hakuna ng'ombe hata mmoja.

Nilimwonea wivu, na bado namwonea. Ukiona vyaelea, vimeundwa, watu husema, wakakaa wakivisifu. Sijamsikia anayeuliza mbao zilitoka kwa nani.

Mwaka mmoja wakati wa baridi tangi langu lilianza kupoteza gesi, nikampigia simu. Alikuwa Mwanza, anatengeneza vyumba vya barafu vya wenye samaki. Akaja na mfuko wake wa vifaa, akaziba palipovuja, akajaza gesi, akawasha. Kisha akafanya kile ambacho kila mtu anafanya mara ya kwanza: akalishika lile bomba, akarusha mkono. Badala ya kutukana, akacheka.

"Dada," akasema, "hili joto lote linapotea."

"Linapotea wapi?"

"Hewani. Bure. Umeshalipia umeme wa kuendesha kompresa, halafu joto lake unalitupa. Mimi naweza kuligeuza umeme tena. Kidogo, lakini umeme kweli."

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, magoti yangu yanagusa ndoo za mgando. Zilikuwa mbele yake, zimefunikwa magunia, zina joto la kiasi. Alizivuka kama mtu anavyovuka jiwe.

Wiki iliyofuata alirudi na vibao vyembamba vyeupe, kila kimoja ukubwa wa biskuti, kina waya mwekundu na waya mweusi. Alinieleza vizuri, sitamnyima haki yake. Kibao hicho upande mmoja ukiwa wa moto na upande wa pili ukiwa wa baridi, umeme unatembea katikati. Pande zote zikilingana joto, hakitoi kitu. Basi akavipanga kwenye lile bomba la shaba, akavibana kwa vipande vya alumini, na upande wa pili akapitisha maji kutoka pipa la plastiki aliloliweka juu ya matofali. Maji yalizunguka yakarudi pipani. Bomba akalivika sponji jeusi joto lisitoroke, feni ya kompresa akaigeuzia dirishani. Kila kitu kilikuwa safi na kimenyooka, kazi ya mtu aliyesomeshwa.

"Dada, samahani," akasema, "hizi ndoo zinaziba hewa." Akazihamishia chini ya kaunta.

Nyaya zile zilijaza betri ndogo ya pikipiki polepole, na betri ikawasha taa moja. Aliitundika kwenye msumari juu ya mizani. Taa yenyewe haikuwa kubwa, lakini umeme wa mtaa ulipokatika saa moja jioni, maduka yote yakawa giza, langu likabaki linaona. Watu wakaanza kuingia kutazama. Mdogo wangu akawa anawapeleka nyuma kwa makundi, anawaonyesha bomba, anawashikisha vibao, anasema maneno yake: joto linalopotea, joto la bure.

Mtu wa kwetu ataelewa niliyoyaona. Baada ya mavuno vikundi viwili vya ngoma huwekwa kiwanja kimoja, vinacheza kwa wakati mmoja, na hakuna mwamuzi. Watazamaji ndio wanaoamua kwa miguu yao. Wanakokwenda wengi, huko ndiko kwenye ushindi. Duka langu likawa kiwanja hicho. Mimi nilisimama mbele kwenye kaunta na vikombe vyangu, yeye alikuwa nyuma ya tangi na taa yake, na miguu yote ilikwenda nyuma. Niliwauzia soda waliporudi.

"Taa yenyewe inakula sahani moja na tangi," nikamwambia siku moja mbele ya watu, kumpunguza. "Tangi likizimwa moja kwa moja, na hiyo taa yako kwisha habari."

"Ni kweli, dada," akajibu anatabasamu. "Yenyewe inakula makombo tu." Watu wakampenda zaidi. Hata kumkasirisha nilishindwa.

Ndipo mgando ukakataa. Chini ya kaunta sakafu ni ya saruji na baridi inapita pale kama nje. Asubuhi ya kwanza niliona maji yamejitenga juu. Ya pili, maziwa yalikuwa maziwa tu. Mwalimu mmoja mstaafu, mteja wangu wa miaka, alirudisha bakuli kaunta na kusema, "Mayu, leo umetuuzia maji ya ng'ombe." Mayu ni mama, na alikuwa ananitania, lakini kesho yake sikumwona. Manesi nao wakaanza kupita upande wa pili wa barabara.

"Mgando haugandi," nikamwambia mdogo wangu.

"Ongeza chachu, dada," akasema bila kuinua kichwa kwenye nyaya.

Niliongeza chachu. Ukawa mchachu wa kukunja uso, na bado haukuganda. Sikumwambia tatizo ni joto. Ningesemaje? Lile alilokuwa analiita joto la bure mbele ya mtaa mzima, nisimame niseme lilikuwa ugali wa wanangu? Nilitaka aone mwenyewe. Mtu aliyesoma kwa ng'ombe wangu, nilisema moyoni, hashindwi kuona ndoo.

Bwana mifugo aliiona ile taa akaipenda. Alisema kitu cha namna hii kinafaa kupelekwa Nyakabindi kwenye maonyesho ya Nane Nane, watu wa mikoa mingine wakione, na akaahidi kuja na wageni wawili wanaohusika na kuchagua. Siku ya wageni mdogo wangu alinyoa, akavaa shati jeupe. Lakini kabla ya siku hiyo alifanya jambo ambalo lilinichoma kuliko taa yenyewe: alimpigia simu baba aje kutoka Mwamanyili akae karibu naye wageni watakapofika. Akamwambia, "Baba, uje uone matunda ya jasho lako." Nilikuwa napima maziwa ya mteja. Nilisikia neno jasho, nikamwaga kipimo kizima.

Baba alifika kabla ya wageni, na kofia yake na fimbo yake. Nikapiga magoti nikamsalimu.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu. Watoto?"

"Wazima."

Akaketi chini ya ile taa. Aliitazama muda mrefu, mdomo wazi kidogo, kama anavyotazama ndama anayesimama mara ya kwanza. Kwangu hajawahi kutazama kitu namna hiyo. Mdogo wangu akasimama kando yake anamweleza, na baba anaitikia, "Gete? Gete?" maana yake kweli, kweli, na kila gete ilinikaa kifuani.

Wageni wakaingia na bwana mifugo. Wakapewa viti. Sasa kwetu mzazi akimtembelea binti yake, kabla ya neno lolote la maana anapewa maziwa yaliyoganda, na asipopewa ni heri asingekuja. Nilikwenda chini ya kaunta. Nilizijua ndoo zote hali zake. Nilichagua ile mbaya kuliko zote, nikajaza bakuli kubwa, nikampelekea baba kwa mikono miwili mbele ya wageni. Nilifanya makusudi, na ningefanya tena.

Baba akainamisha bakuli. Maziwa yakakimbilia ukingoni, yakamwagikia kidole chake. Akalisimamisha, akatazama ndani, akatia kijiko. Kijiko kikalala.

"Mayu," akasema, "maziwa haya yamepatwa na nini?"

"Yamekosa joto, baba."

"Joto limekwenda wapi?"

Nikanyoosha kidole juu, kwenye taa.

Bwana mifugo alicheka, akidhani ni utani. Baba hakucheka. Aliweka bakuli chini, akasimama kwa fimbo yake, akasema nimpeleke. Tukaenda nyuma ya tangi, yeye na mimi, na wageni wakatufuata kwa sababu hawakujua la kufanya. Akaweka kiganja juu ya sponji jeusi. Akauliza ndoo zilikuwa zinakaa wapi. Nikamwonyesha sakafuni: duara za ndoo zilikuwa bado zipo kwenye saruji, zimepanga mstari. Ametumia maisha yake kusoma nyayo za mifugo, na zile duara alizisoma bila kuhitaji maelezo. Akageuka kwa mdogo wangu.

"Umeshakula ng'ombe zake," akasema. "Joto mwachie."

Hakupaza sauti. Mdogo wangu alifungua mdomo, "Baba, ni kitu kidogo tu, naweza ku..." na baba akasema, "Nimemaliza." Wageni wakaangalia simu zao. Bwana mifugo akasema watawasiliana, na sote tulijua neno hilo lina maana gani. Shati jeupe la mdogo wangu lilikuwa limelowa kwapani.

Niseme nilivyojisikia? Nilifurahi. Furaha ilinipanda mpaka masikioni. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe ng'ombe wangu walitajwa kwa mdomo wa baba, mbele ya watu, na aliyewala akatajwa. Ningeweza kucheza ngoma pale pale kwenye saruji.

Mdogo wangu alianza kuvua vibao vyake siku hiyohiyo, baba akiwa bado anapumzika nje kivulini. Alivivua polepole, anaviweka kwenye boksi kimoja kimoja, na mimi nilisimama kuhakikisha haachi hata waya. Alipofika kwenye pipa la maji alitia mkono ndani, akakaa hivyo kidogo.

"Dada, njoo ushike."

Nilishika. Maji yalikuwa na joto la kiasi, joto lilelile.

"Vibao vilikuwa vinachukua kipande kidogo sana," akasema. "Joto lako lote lilikuwa humu. Ungezitumbukiza ndoo zako humu, mgando ungeganda na taa ingewaka."

Maji yale nilikuwa nayachota kila siku kuoshea madebe, nikiyasifu kwamba yanatoa mafuta vizuri. Sikuwaza zaidi.

"Mbona hukusema siku ya kwanza?" nikamuuliza.

"Hukuniambia ndoo zinataka joto."

"Ulizivuka kwa miguu yako!"

Akamwaga maji yale uani, mvuke kidogo ukapanda, akabeba pipa. Mimi namlaumu yeye. Ndiye aliyesoma, kuuliza ilikuwa kazi yake. Najua naye ananilaumu mimi mahali fulani, na sina haraka ya kusikia anavyosema.

Sasa yuko Lamadi, kwa mtu mwenye mafriza mengi ya samaki. Kule mafriza yamepangwa safu ndefu, migongo yao yote inatoa moto, na amevipanga vibao vyake humo, vingi kuliko vya kwangu. Nimepita na basi nikaona. Nilijiambia nisigeuze shingo, ikageuka yenyewe. Barazani pale zinawaka taa nne juu ya meza ya kukatia samaki, na watu wamesimama chini yake wananunua, wanacheka, wanauliza. Mcheza kwao hutunzwa, wanasema. Yeye anatunzwa hata ugenini.

Ndoo zangu zimerudi kwenye duara zao. Mwalimu mstaafu amerudi na utani wake, manesi wamerudi, na kijiko kinasimama. Nyuma ya tangi ni kwangu, hakuna anayetia mguu. Msumari juu ya mizani nimeuacha kwa sababu nikiung'oa plasta itabanduka.

Majuzi baba alinitembelea tena. Nilimpa kiti kilekile na bakuli lilelile. Mgando ulikuwa umekaza mpaka aliukata kwa kijiko kama ugali. Alikula wote, akafuta mdomo kwa kiganja.

"Wabeja, mayu," akashukuru. "Huu ndio wenyewe."

Nilikaa kwenye kigoda nikisubiri. Nilidhani labda atawataja tena, wale ng'ombe, hata mmoja, hata yule mwekundu. Duka lilikuwa tupu, hakukuwa na wa kumkatiza. Akainua uso, akatazama msumari.

"Hapa palikuwa na taa," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Iliwaka vizuri."

"Iliwaka."

Akachukua kofia yake, akaniuliza gari la Lamadi siku hizi linapakilia wapi. Kwa kawaida hupita Lamadi moja kwa moja akaenda zake Mwamanyili, lakini safari hii alisema atashuka, akaone. Nilifunga duka, nikamsindikiza mpaka stendi, na nauli nikamlipia mimi.